Sura ya Tano: Umri wa Tiketi na Umri wa Mtoto

Katika bustani za burudani za Disney nchini Marekani, mtoto aliye chini ya miaka 3 hakatiwi tiketi. Huingia bure, awe kwenye kigari, mbelekoni au mikononi mwa mamaye, na siku anapotimiza miaka 3 anakuwa mgeni wa kulipa. Hiyo ni kanuni ya mlangoni, na kazi yake ni kupanga bei. Hata hivyo wazazi wengi wameigeuza kuwa kanuni ya malezi: twendeni upesi, kabla mtoto hajafika miaka mitatu. Mashirika ya ndege yanasukuma upande huohuo, kwa kuwa mtoto wa chini ya miaka 2 hupakatwa, akalipiwa sehemu ndogo ya nauli au asilipiwe kabisa. Hivyo swali la lini mtoto anafaa kupelekwa kwenye bustani hizo hujibiwa na mkata tiketi, mtu asiyemjua mtoto. Sura hii inatetea jibu jingine. Mtoto mchanga anaweza kuwamo katika safari ya namna hiyo, kwa masharti, lakini asiwe yeye sababu ya safari. Safari inayofungwa kwa ajili yake ingoje mpaka awe na umri wa kati ya miaka 4 na 6, kwani hapo ndipo mwili wake, kimo chake, ujasiri wake na kumbukumbu yake vinapokutana.

Tuanze na mahali penyewe. Disneyland ilifunguliwa Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, na Walt Disney World ikafuata karibu na Orlando, Florida, tarehe 1 Oktoba 1971. Hii ya Florida sasa ina bustani nne kubwa, na kila moja yatosha kumaliza siku nzima ya mtu mzima mwenye miguu mizima. Siku hiyo ni ya kutembea, kupanga foleni, kusimama juani, kusikia muziki wa vipaza sauti kila kona na, usiku, kutazama fataki saa ambazo watoto wengi wamekwisha kulala. Kuanzia Juni hadi Septemba joto la mchana la Orlando hupita nyuzi 32 za Selsiasi, unyevunyevu ni mwingi, na alasiri nyingi hunyesha mvua ya radi. Anayeijua Dar es Salaam ya Februari anaijua hali hiyo. Tofauti ni kwamba Dar es Salaam hakuna anayembeba mtoto wa miezi minne kuzunguka naye nje kutwa, saa sita za mchana zikiwamo, akaiita siku hiyo mapumziko.

Mwili wa mtoto mchanga haukuumbwa kwa siku ya namna hiyo. Ngozi yake ni kubwa ikilinganishwa na uzito wake, kwa hiyo hupokea joto la nje kwa wepesi. Uwezo wake wa kutoa jasho ni mdogo, kwa hiyo hulipunguza joto hilo kwa shida. Kabla ya miezi 6 haruhusiwi kupewa maji. Kinywaji chake ni maziwa peke yake, na mama anayenyonyesha juani naye anahitaji kunywa na kupumzika ili maziwa yapatikane. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, American Academy of Pediatrics, kinashauri mtoto wa chini ya miezi 6 asiwekwe kwenye jua la moja kwa moja, na kinga yake ya kwanza iwe kivuli, nguo nyepesi na kofia. Shingo nayo ina ratiba yake. Watoto wengi huikaza vizuri wakiwa na takriban miezi minne, na hata hapo, kukaza shingo kitandani ni jambo moja, kustahimili mtikiso wa chombo kinachokata kona ni jambo jingine. Kisha kuna usingizi. Mtoto wa miezi 4 hadi 12 anahitaji kulala saa 12 hadi 16 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Wa mwaka 1 hadi 2, saa 11 hadi 14. Ratiba ya bustani na ratiba ya usingizi haziwezi kutimizwa zote mbili siku moja, na kwa kawaida inayovunjwa ni ya mtoto.

Hatari kubwa zaidi haionekani kwa macho. Desemba 2014 surua ilizuka miongoni mwa watu waliotembelea bustani za Disney za California. Kufikia mapema Februari 2015 mamlaka za afya zilikuwa zimehesabu wagonjwa 125 nchini Marekani waliohusishwa na mlipuko huo, na 110 kati yao walikuwa wakazi wa California. Miongoni mwa hao 110, 12 walikuwa watoto ambao umri wao ulikuwa bado haujafika wa kuchanjwa. Ugonjwa ulipata palipoufaa: watu kutoka pande zote za dunia wamekusanyika pamoja, na kirusi cha surua huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Marekani chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 12 hadi 15. Tanzania na Kenya hutolewa akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Kwa mtoto anayesafiri kwenda nchi nyingine, wataalamu wa Marekani wanashauri dozi ya mapema kuanzia miezi 6, kisha arudie chanjo za kawaida akishatimiza mwaka. Familia inayotoka Nairobi au Dodoma kwenda kuwaona ndugu Marekani ina sababu ya kulizungumza jambo hili kliniki mapema, kabla ya kuzungumza na wakala wa ndege.

Tuseme mtoto amevuka yote hayo: ana mwaka na nusu, amechanjwa, anatembea, hali ya hewa ni ya Januari. Je, sasa yuko tayari? Hapo kimo kinaingia. Bustani hupima watoto kwa kijiti mlangoni mwa kila chombo cha kasi, na vipimo hivyo ni vya usalama, havibembelezwi. Katika Walt Disney World, treni ya migodini ya Seven Dwarfs inataka sentimita 97. Chombo cha majini cha Tiana's Bayou Adventure, 102. Space Mountain, 112. Pikipiki za TRON, 122. Ukivilinganisha vipimo hivyo na viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, unapata ramani ya miaka. Mtoto wa kimo cha wastani hufika sentimita 97 muda mfupi baada ya miaka 3, 102 anapokaribia miaka 4, 112 akiwa na miaka 5 na nusu hivi, na 122 akiwa na takriban miaka 7. Kwa maneno mengine, mtoto anayeingia bure anaingia mahali ambapo sehemu kubwa ya vivutio vilivyoijengea bustani hiyo jina vimefungwa kwake. Vinavyobaki ni vile vya polepole, kama tembo wa Dumbo wanaozunguka angani au boti za “it's a small world”, zilizobuniwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964. Ni vizuri, lakini havihitaji bahari kuvukwa.

Hofu nayo haina kijiti cha kuipima, ingawa ina umri wake. Kuanzia takriban miezi minane watoto wengi huanza kuwaogopa wageni, na woga huo huendelea mpaka mwaka wa pili. Huo ndio umri ambao wazazi humsogeza mtoto karibu na panya mwenye kichwa kikubwa kuliko meza, uso usiosogea na mikono yenye vidole vinne, ili picha ipigwe. Kilio kinachofuata hakina ajabu. Mtoto wa miaka 2 hana bado njia ya kujieleza kwamba ndani ya vazi lile kuna mtu, na kwamba ngurumo za gizani ni sauti ya mashine. Mwenye miaka 5 anaweza kuogopa na kufurahia kwa wakati mmoja, kwa sababu anajua mchezo una mwisho, na anaweza kusema “sitaki” kabla ya kupanda, akasikilizwa. Uwezo huo wa kukataa kwa maneno ni sehemu ya utayari ambayo watu huisahau. Mtoto asiyeweza kukataa hajakubali pia. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Hapa mara nyingi mtoto hajaulilia, ni mzazi anayeulilia kwa niaba yake.

Sasa tufike kwenye kumbukumbu, ambako mjadala huu hupamba moto. Si kweli kwamba watoto wachanga hawakumbuki kitu. Mwanasaikolojia Carolyn Rovee-Collier alionyesha hivyo kwa jaribio jepesi: alifunga utepe kutoka kwenye kifundo cha mguu wa mtoto hadi kwenye vikorokoro vinavyoning'inia juu ya kitanda, na mtoto akajifunza kwamba akirusha mguu, vikorokoro hucheza. Waliporudishwa kitandani baadaye, watoto wa miezi 3 waliendelea kukumbuka kwa takriban wiki moja, na wa miezi 6 kwa takriban wiki mbili. Kumbukumbu ipo, basi, ila maisha yake ni mafupi. Watu wazima wakiulizwa tukio la kwanza wanalolikumbuka maishani, wengi hutaja jambo la walipokuwa na miaka 3 hadi 4, na yaliyotangulia huwa ukungu. Safari ya mtoto wa miezi kumi itakaa kwake kwa wiki kadhaa, ikikaa sana, halafu itabaki kwenye simu ya baba.

Yapo hata majibu yaliyopatikana kutoka kwenye bustani hiyohiyo. Mwaka 1991 Nancy Hamond na Robyn Fivush walichapisha utafiti juu ya watoto waliopelekwa Disney World wakiwa na umri wa takriban miaka 3 au 4, wakahojiwa miezi 6 au 18 baadaye. Watoto wote walikumbuka mengi, hata waliokwenda wakiwa na miaka 3. Lakini waliokwenda wakiwa wakubwa kidogo walieleza kwa undani zaidi, na waliokuwa wakizungumza safari hiyo mara kwa mara nyumbani walikumbuka zaidi. Baadaye Patricia Bauer na Marina Larkina waliwafuatilia watoto ambao matukio yao yalirekodiwa wakiwa na miaka 3. Wakiwa na miaka 5 hadi 7 walikuwa bado wanakumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio hayo. Walipofika miaka 8 na 9, ilibaki chini ya asilimia 40. Tafiti hizi mbili zinaleta mambo mawili pamoja. Safari ya mtoto wa miaka 3 inakumbukwa kwa muda, kisha nyingi yake hupotea. Na kinachoihifadhi ni mazungumzo, yaani lugha, ambayo mtoto mchanga hana. Mwenye miaka 5 anaweza kusimulia, akaulizwa, akarekebisha, akaongeza chumvi, na kila anaposimulia anaikaza safari yake kichwani.

Mtu atapinga, na ana haki: kwani furaha ni lazima ikumbukwe? Mtoto anayecheka leo amefurahi leo, na kicheko hakipotezi thamani kwa kusahauliwa. Hoja hii ni nzito, na anayejibu kwa kusema tu “hatakumbuka” hajaijibu. Jibu langu linaanzia kwenye asili ya furaha ya mtoto mchanga. Hufurahishwa na nyuso, sauti anazozijua, rangi zinazosogea, maji, wanyama na mchezo unaorudiwa mara ishirini. Vyote hivyo vinapatikana kwa wingi pasipo foleni: kuku wa jirani, mawimbi madogo ya ufukweni, shangazi anayejificha nyuma ya kanga. Furaha yake haipandi kwa kadiri ya gharama. Bustani imejengwa juu ya hadithi, wahusika na msisimko wa kungoja, yaani mambo ambayo akili yake haijayafikia. Kwa hiyo ninakubali kwamba atafurahi. Ninachokataa ni kwamba atafurahia kile kilicholipiwa.

Wengine husema kwamba hata kisichokumbukwa huujenga ubongo, kwa hiyo tumpe mtoto mambo mengi mapema. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli. Miaka mitatu ya mwanzo ina uzito mkubwa katika ukuaji wa ubongo, na mtoto hujifunza mengi ambayo hatayakumbuka kamwe: lugha, imani kwa wanaomlea, namna ya kutulia anapobembelezwa. Lakini hayo hujengwa kwa kurudiwa. Ni kuzungumzishwa kila siku, kuimbiwa kila usiku, kuitikiwa kila anapolia. Siku mbili za mwanga na kelele haziongezi kitu katika hesabu hiyo, na pale zinapomnyima usingizi na maziwa kwa wakati, zinapunguza.

Vipi kuhusu fedha? Tiketi ya mtu mzima ya siku moja Disney World huzidi dola 100, na siku za sikukuu katika Magic Kingdom, mojawapo ya bustani zake nne, hupanda zaidi. Mtoto wa miaka 3 hadi 9 hupunguziwa kidogo tu. Kwa familia ya kipato cha kawaida, kuokoa tiketi moja si mchezo. Lakini hesabu ikamilishwe. Wazazi wawili hulipa bei kamili kwa siku ambayo mtoto ataikatiza kwa kulala, kunyonya, kubadilishwa nepi na kulia. Wakirudi hotelini adhuhuri, wametumia nusu ya walichonunua. Na kwa kuwa mtoto hatakumbuka, ataomba kupelekwa tena akikua, na safari italipwa mara mbili. Tiketi ya bure ya mtoto imeuza tiketi ghali za wakubwa, na hiyo ndiyo biashara yake. Rahisi huwa ghali.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya familia yenye watoto wengi. Mkubwa ana miaka 6, mdogo ana miezi 8. Je, mkubwa angoje mpaka mdogo naye afike umri, wakati yeye amekwisha kuupita? Hapana. Safari hiyo ni ya mkubwa, na mdogo ni msindikizaji. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna siku inavyopangwa. Kukiwa na bibi au shangazi anayeweza kukaa na mdogo, abaki naye. Familia nyingi za Waswahili walio Ulaya na Amerika Kaskazini hazina bibi wa karibu, na hapo mdogo atakwenda, baada ya ushauri wa kliniki. Basi aende kama msindikizaji. Kila bustani ya Disney World ina kituo cha watoto wachanga chenye mahali pa kunyonyesha na kubadilisha nepi, na kuna utaratibu wa wazazi kupokezana: mmoja apande na mkubwa huku mwenzake akikaa na mdogo, kisha wabadilishane bila kupanga foleni upya. Vitu hivyo vinasaidia sana, ila vinasaidia kumhudumia mtoto, haviwezi kumkuza. Kivuli, kofia, vifunika masikio wakati wa fataki na mapumziko ya adhuhuri vihesabiwe kabla ya chombo chochote cha kupanda.

Kwa wasomaji walio Oman na nchi za Ghuba, bustani za karibu ni za Dubai na Abu Dhabi, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40. Pale baadhi ya bustani, kama Ferrari World iliyofunguliwa 2010 na Warner Bros. World iliyofunguliwa 2018, ziko ndani ya majengo yenye viyoyozi, na hiyo inaondoa hoja ya jua. Hoja za kimo, hofu, maambukizi na usingizi zinabaki palepale, kwa sababu kiyoyozi hakirefushi mtoto wala hakimchanji.

Yupo pia anayeogopa kuchelewa: tukingoja sana, mtoto atakua, atajua kwamba panya yule ni kijana aliyevaa vazi, na utamu utakwisha. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana sikusema miaka 9. Kati ya miaka 4 na 6 mtoto bado anaiamini hadithi, lakini haimtishi tena. Ana kimo cha kupanda vingi, ana miguu ya kutembea bila kigari kwa sehemu kubwa ya siku, na usingizi wa mchana umeanza kumwachia. Umetimia pia umri wa kusimulia. Akirudi nyumbani, muulizeni maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, mwacheni awasimulie walioachwa nyuma, na jioni mnapoanza paukwa na pakawa, zamu ya hadithi iwe yake.

Hukumu ya sura hii basi ni hii. Chini ya miezi 6, asiende. Kuanzia miezi 6 mpaka chanjo ya surua imalizike, asiende pasipo sababu ya lazima na ushauri wa kliniki. Kuanzia hapo mpaka miaka 3, aende kama msindikizaji wa ndugu zake, na siku ipangwe kwa kufuata usingizi wake. Miaka 4 hadi 6, safari ni yake. Na kama familia ina fedha za safari moja tu, ikate tiketi hiyo mtoto akiwa na miaka 5, alipe kiingilio chake kama wageni wengine, na bembea ya mtaani imtoshe mpaka siku hiyo.